Kadi Namba 117

Nimeitoa kadi kwenye boksi la spoku na pedeli,
ina doa la grisi juu ya jina langu:
Mihambo Kasanda, mwanachama, Nyuki wa Ng'ambo.
Ada imelipwa hadi Desemba.
Mwakani sijui nitamlipa nani.

Kufungwa si habari, bwana.
Tumefungwa tangu enzi za baba,
kwa mvua, kwa penalti, kwa mwamuzi wa Nzega
aliyekula kwetu wali na kuku, akatunyima kona.
Tulirudi kwa miguu tukilaumiana na kucheka,
na Jumatatu mteja, kabla hajanisalimu,
kabla hajaniambia ni gurudumu lipi limepinda:
"Ile beki namba tatu, Mihambo! Ile beki!"
Ulikuwa uchungu wa mtu na mwanawe.

Kisha akaja yeye, na magari manne, taa zinawaka mchana.
Akatamka "uwekezaji" mara kumi na tisa;
Kalunde muuza karanga alihesabu kwa punje.
Akaahidi nyasi. Akaahidi basi lenye choo.
Katibu wetu akapiga makofi hadi saa ikamchomoka mkononi.
Na sisi, siwafichi, tulipiga.
Mimi nilisimama juu ya kiti.

Akaanza na rangi. Njano na nyeusi akazivua,
akatuvisha bluu, maana matangi anayouza ni ya bluu.
Nani amewahi kuumwa na nyuki wa bluu?
Likafuata jengo letu la kule relini,
tulilolipandisha kwa tumbaku ya kina Kapela
na asali, debe kwa debe, miaka sita:
leo ni stoo ya matangi, na mlinzi ananiuliza nina shida gani.

Shija Ntundu, golikipa, ana miezi mitano bila mshahara.
Nimemkuta stesheni akibeba mizigo ya abiria wa Mpanda,
mkononi glavu zilezile.
Nikamwita. Akajifanya hakusikia.
Kesho yake akaja gereji, ananong'ona,
anaomba tairi la mkopo.

Tukaomba mkutano: mwenyekiti amesafiri.
Tukaomba hesabu: mhasibu anaumwa.
Tukaandika barua, ikagongwa muhuri,
ikapelekwa ngazi husika.
Ngazi gani hii isiyo na pa kukanyaga?

Babu yangu alitundika mizinga porini Sikonge.
Hakuwa mtu wa maneno.
Ila akirina, sega la majana haligusi,
na ukimuuliza kwa nini, anakutazama
kama umemuuliza kwa nini anavaa suruali.

Basi Jumapili tulikubaliana:
tuingie wote, tulipe wote,
tukae jukwaani tumeupa uwanja mgongo.
Watu mia nne tunatazama ukuta.
Ukuta una tangazo la matangi.
Goli la kwanza tulilijua kwa filimbi,
la pili kwa ukimya wa wachezaji wetu,
la tatu na la nne sikutaka kuyajua.
Kalunde aliuza karanga, hakuna aliyezitafuna.

Dakika ya themanini, penalti. Yao tena.
Nikakaza shingo. Nikasoma ukuta: lita elfu tano, haivuji.
Kikasikika kishindo cha mpira juu ya glavu,
na mlio huo, jamani, tunaujua hata usingizini.
Shija!
Migongo mia nne ikageuka kwa mpigo mmoja,
mzee Maganga na nyonga yake mbovu akiwa wa kwanza,
na tukashangilia tukiwa tumefungwa nne
kwa sababu hazikuwa tano.

Jukwaa kuu, kwenye kivuli,
mwenye timu akadhani makelele ni yake.
Akainuka, akafunga kifungo cha koti,
akatupungia mkono.

Kadi nimeirudisha kwenye boksi la spoku.
Lile tairi sitamdai Shija.